Dhahabu ya Kakamega na Neno "Milele"

Msafiri atokaye Kisumu kwenda kaskazini hupita kati ya mawe makubwa ya vilima vya Maragoli, huvuka mto Yala, kisha hupanda tena mpaka afike mji wa Kakamega. Mwendo wenyewe ni kilomita 50 hivi tu. Pande zote mbili za njia ataona mashamba madogo ya mahindi na chai, migomba, mikalitusi, na nyumba zilizosogeleana, maana nchi hii ina watu wengi sana. Haoni dalili yoyote ya kumwambia kwamba katika miaka ya 1930 mahali hapa palitajwa katika magazeti ya London, na kwamba watu waliacha mashamba yao ya mbali wakaja mbio na sululu na makarai. Lakini akiuliza njia ya kwenda Rosterman, karibu na mji, ataonyeshwa mahali ambapo ardhi imetobolewa mashimo ya kale na mapya. Jina lile ni la kampuni ya dhahabu iliyofunga kazi yake mwaka 1952. Kampuni imekufa, jina lingali lakaa midomoni mwa watoto.

Tumekusudia katika maandiko haya kueleza kwa ufupi habari za dhahabu ya Kakamega: nchi ilivyokuwa kabla yake, wachimbaji walivyokuja, sheria ilivyobadilishwa kwa ajili yao, na mambo waliyoyaacha. Wengi wakitaja urithi wa nchi ya dhahabu hufikiri mitambo mikuukuu na nyumba za mabati. Sisi twaona kwamba urithi mkubwa wa Kakamega ni neno moja lililoandikwa katika sheria ya mwaka 1930, nalo ni neno "milele". Habari ya neno hilo yawapasa walimu kuijua, maana wanafunzi wetu waishi juu ya ardhi ile ile, na dhahabu haijaisha chini yake.

Nchi na Wenyeji Wake

Nchi tunayoisema Waingereza waliiita North Kavirondo. Wenyeji wake ni makabila madogo yenye lugha za jamaa moja: Waisukha, Waidakho, Watiriki, Wamaragoli, Wabanyore, Wakabras, Wabutsotso na wengineo. Jina la Waluhya, linalowajumlisha wote, lilienea katika miaka ya 1930 na 1940, na wengi hulifasiri kwa neno oluyia, yaani moto wa nje walipokutana wazee wa ukoo asubuhi kuota na kuamua mashauri. Juu ya jina la Kakamega yasimuliwa hadithi ya mzaha, ya kwamba wageni wa Kizungu walipokaribishwa ugali waliudonoa kwa vidole badala ya kuumega tonge kama watu, na wenyeji wakalifanya donoa-donoa lile kuwa jina. Wengine hukataa na kulitafutia jina asili katika lugha ya Wanandi. Hatuamui kati yao. Twaitaja hadithi kwa kuwa inaonyesha jinsi wenyeji walivyopenda kuwatazama wageni na kuwapima kwa namna yao ya kula.

Hapo kale utajiri wa nchi hii ulikuwa ng'ombe, wimbi na majembe. Majembe yalitoka Samia, karibu na mpaka wa Uganda, ambako wahunzi waliyeyusha mawe ya chuma, na kazi yao ilinunuliwa mbali sana. Basi watu hawa hawakuwa wajinga wa mambo ya mawe na madini. Walijua kwamba jiwe laweza kuwa mali. Lakini jiwe walilolithamini ni lile lililotoa jembe. Dhahabu haikuwa kitu cha maana kwao, ingawa watu wa pwani waliijua tangu zamani za masultani wa Kilwa, waliofanya biashara ya dhahabu iliyoletwa bandari ya Sofala kutoka bara ya kusini. Dhahabu hailimi, wala hailipi mahari.

Ardhi ilikuwa ya ukoo. Mwanamume alirithi kwa baba yake haki ya kulima na kujenga. Mgeni asiye na ardhi, aitwaye omumenya, aliweza kukaribishwa na kupewa mahali pa kulima, naye alikula mazao yake kwa amani, lakini hakuwa na ruhusa ya kumpa mtu mwingine mahali pale. Wazee walizikwa nyumbani kwao, na karibu na nyumba yalisimama mawe madogo ya matambiko. Kwa hiyo kiwanja cha mtu kilikuwa na maana tatu pamoja: kilimlisha, kilimtambulisha ni wa ukoo gani, na kiliwalaza waliomtangulia. Mgeni akipima kwa kamba aliiona ile ya kwanza tu. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Günter Wagner, aliyekaa na Wamaragoli na Wabukusu tangu mwaka 1934, aliandika mengi juu ya desturi hizi, na kitabu chake kilianza kutoka mwaka 1949. Lakini alipofika, vigingi vya wachimbaji vilikuwa vimekwisha kusimikwa.

Walivyokuja Wachimbaji

Ili kuelewa kwa nini watu walikuja kwa haraka vile, yatupasa kukumbuka hali ya dunia ya siku zile. Tangu mwaka 1929 biashara ilikuwa imeanguka kila mahali. Bei ya mahindi na kahawa ilishuka hata walowezi wa Kizungu wa Uasin Gishu na Trans Nzoia hawakuweza kulipa madeni yao, na nzige walizidisha msiba. Mwezi wa Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga fedha yake na dhahabu, na mara bei ya dhahabu kwa fedha ya Kiingereza ikapanda. Kila kitu mkulima alichokiuza kilikuwa rahisi. Dhahabu peke yake ilikuwa ghali. Mtu aliyeshindwa na shamba aliona heri kujaribu mto.

Mwaka ule ule wa 1931, mlowezi mmoja Mmarekani aitwaye L. A. Johnson alipata dhahabu ya kutosha kuchimbwa katika nchi ya karibu na Kakamega. Habari ilienea upesi. Kabla mwaka 1932 haujaisha, mamia ya Wazungu walikuwa wamepiga mahema kandokando ya vijito, wengi wao wakiwa walowezi waliofilisika, na baadhi yao hawajapata kushika sululu maishani mwao. Serikali ilimwita Sir Albert Kitson, mtaalamu wa mawe aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Afrika ya Magharibi, ili achunguze nchi hiyo. Alipoona kwamba dhahabu ipo kweli, tamaa ilizidi. Baada ya watu wa makarai zikaja kampuni zenye mitaji.

Kazi yenyewe ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni kuosha mchanga wa mito. Mchimbaji hujaza karai mchanga na maji, huutikisa kwa mzunguko, na mchanga ulio mwepesi humwagika. Dhahabu, kwa kuwa ni nzito mno, hubaki chini kama vumbi la manjano. Kazi hii haihitaji mali nyingi, ila huisha upesi. Ya pili ni kufuata mwamba. Dhahabu ya Kakamega imo katika mishipa ya jiwe jeupe gumu liitwalo kwatzi, nayo mishipa hiyo imepenya katika mawe yaliyo miongoni mwa ya kale kabisa katika Afrika ya Mashariki. Hapo ni lazima kuchimba shimo refu, kulizuia kwa nguzo za miti, kutoa maji kwa pampu, kupasua mwamba kwa baruti, na kusaga mawe kwa mitambo. Rosterman ilikuwa mgodi wa namna hii, ulioanza kazi kubwa mwaka 1935. Nguzo, mbao na kuni zilitoka msituni, na msitu wa Kakamega, uliotangazwa kuwa wa kuhifadhiwa mwaka 1933, ulikatwa sana siku zile.

Nani aliyechimba? Mzungu alisimamia, aliyeshuka shimoni ni Mwafrika. Maelfu ya wanaume, wenyeji na watu wa mbali, waliandikwa kazi, wakapata mshahara wa kulipia kodi ya nyumba na karo ya shule. Wanawake waliuza unga, maharagwe na ndizi kwa makambi. Hatutaki kuficha kwamba wengi walipata faida: mwanamume aliyezoea kwenda mashamba ya mbali kutafuta kazi sasa aliipata kwao. Lakini ilitokea pia kwamba mtu mwenye kipande shingoni, yaani kile cheti cha kuandikishwa ambacho kila mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kukichukua mpaka mwaka 1947, alilipwa ujira wa kuchimbua kipande cha ardhi alichozikwa babu yake.

Sheria ya Mwaka 1930 na Badiliko la Mwaka 1932

Sasa twafika penye kiini cha habari. Ardhi za Waafrika wa Kenya zilikuwa zimetengwa katika sehemu zilizoitwa rizavu. Waafrika walikuwa na hofu ya siku zote, maana walikwisha kuona mipaka ya rizavu ikisogezwa kila Wazungu walipohitaji mashamba. Ili kuituliza hofu hiyo, mwaka 1930 ilitungwa sheria ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Ilisema kwamba ardhi za rizavu zimewekwa kwa matumizi na manufaa ya makabila ya wenyeji milele. Tena ilitia masharti mawili. La kwanza, ikiwa kipande chochote chatolewa katika rizavu kwa kazi ya watu wote, kipande kingine chenye ukubwa sawa na thamani sawa kadiri iwezekanavyo kiongezwe mahali pengine. La pili, wenyeji wenyewe na Baraza lao wajulishwe na kusikilizwa kwanza.

Maofisa waliwaeleza wazee sheria hii kuwa ni ahadi ya Serikali. Mwaka mmoja baadaye dhahabu ikaonekana, nayo ikaonekana mahali penye watu wengi kuliko karibu pote, ambapo hapakuwa na ardhi tupu ya kuongezwa badala ya ile itakayotolewa. Basi ahadi ikapimwa kabla wino wake haujakauka.

Mwezi wa Desemba 1932 Baraza la Kutunga Sheria huko Nairobi liliibadilisha sheria ile. Kwa ajili ya kuchimba madini, ardhi iliweza sasa kutolewa katika rizavu kwa muda, pasipo kuongeza ardhi nyingine. Wenye mashamba wangelipwa fidia kwa fedha. Na sharti la kulijulisha Baraza la Wenyeji kwanza likaondolewa katika jambo hilo. Haya yalifanyika wakati Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Sir Morris Carter, ilipokuwa imekwisha kuteuliwa na ingali ikisikiliza mashauri ya wenyeji. Ripoti yake haikutolewa mpaka mwaka 1934.

Tuseme kwa haki yale waliyoyanena watetezi wa badiliko. Walisema kwamba ardhi itakayotwaliwa ni ndogo sana ikilinganishwa na rizavu nzima. Kwamba migodi haidumu, na ikiisha ardhi itarudi kwa wenyewe. Kwamba kumhamisha mtu mbali na jamaa zake ili apewe shamba sawa ni kumwumiza kuliko kumlipa fedha akae karibu. Na kwamba nchi nzima yenye dhiki ingepata faida. Maneno haya si ya upuuzi. Mtu aweza kuyafikiri yote na kuona kwamba yana akili ndani yake.

Lakini waliopinga waliona jambo jingine. Miongoni mwao alikuwa Walter Edwin Owen, Arkidikoni wa Kavirondo tangu mwaka 1918, ambaye mwaka 1923 alikuwa amewasaidia wenyeji kuunda chama chao cha walipa kodi. Yeye aliandika barua nyingi katika magazeti ya Uingereza, na Wazungu wengi wa Kenya walimchukia kwa ajili yake. Lord Lugard naye, aliyekuwa mtawala mkubwa wa Nigeria, wala hakuwa adui wa Dola, alilipinga badiliko hilo mbele ya watu. Hoja yao haikuwa kwamba dhahabu isichimbwe. Hoja ilikuwa kwamba ikiwa neno "milele" laweza kufutwa baada ya miaka miwili, tena bila kumwuliza aliyeahidiwa, basi hakuna neno lolote la Serikali litakalosadikiwa tena. Ahadi ni deni, na deni halifutwi na mdaiwa peke yake.

Maelezo ya Maneno Machache

Yafaa hapa tutazame maneno, kwa kuwa ugomvi mkubwa wa Kakamega ulikuwa pia ugomvi wa maana.

Kwanza, neno amana. Katika Kiswahili amana ni kitu mtu alichokiweka kwa mwenzake akitunze. Aliyepokea amana hana ruhusa ya kuitumia wala kuibadili kwa kitu kingine, hata akiona kwamba ubadilishaji una faida kwa mwenyewe, ila kwa idhini yake. Mtoto wa pwani alijua hayo kabla hajasoma. Sheria ya Kiingereza ya amana ina mlango mwingine: mtunzaji aweza kupewa uwezo wa kuamua kwa niaba ya mwenye mali, kama vile mlezi aamuavyo kwa ajili ya mtoto yatima. Wenyeji walisikia amana ya kwanza. Serikali ilitenda kwa amana ya pili. Watu wazima wakajikuta wamekuwa yatima.

Pili, neno milele. Mzee wa Isukha aliyeambiwa kwamba ardhi ni yake milele hakupewa habari mpya, maana hakuwahi kudhani vinginevyo. Kilichokuwa kipya ni kwamba mtu mwingine alijiona ana uwezo wa kumpa umilele huo. Na aliye na uwezo wa kutoa ana uwezo wa kutwaa.

Tatu, neno ardhi lenyewe. Kwa sheria ya Kiingereza dhahabu na fedha zilizomo chini ya ardhi ni mali ya Mfalme, hata kama shamba ni la mtu binafsi. Kwa hiyo ofisa alipomwambia mwenyeji, "Hatuchukui ardhi yako, twataka kilicho chini tu," alisema kweli kwa sheria yake. Lakini katika desturi ya wenyeji ardhi haikatwi kwa mlalo namna hiyo, juu kwa huyu na chini kwa yule. Kaburi li wapi, juu au chini? Mzizi wa mgomba u wapi? Shimo la mchimbaji laanzia wapi kama si juu?

Nne, neno fidia. Fidia ni kitu kitolewacho kumkomboa mtu au kulipia hasara. Mwenye shamba alilipwa kwa ajili ya mazao yaliyoharibiwa na nyumba iliyobomolewa, na mambo haya yahesabika. Lakini fedha ilipewa mtu mmoja aliyekuwa hai, na ardhi ilikuwa ya ukoo, pamoja na ambao hawajazaliwa. Fedha iliisha kabla ya mtoto kukua. Naye mtoto alipokua hakukuta ardhi wala fedha, ila shimo.

Yaliyobaki

Dhahabu ya mito ilipungua upesi kama watu wa makarai walivyozoea kuona kwingineko, nao wengi wao waliondoka bila kutajirika. Kampuni ziliendelea muda mrefu zaidi, na Rosterman ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, mpaka nayo ikafunga mwaka 1952. Mashimo mengine yalijaa maji. Wenyeji walirudi kulima mahali palipolimika.

Lakini mambo matatu yalibaki. La kwanza ni umoja. Kabla ya wakati ule Mmaragoli alikuwa Mmaragoli, na Mwisukha alikuwa Mwisukha. Hofu ya ardhi, iliyoamshwa na dhahabu, iliwafundisha kusema kwa sauti moja, na katika miaka ya 1930 kiliundwa chama cha North Kavirondo Central Association, ambacho wengi wa viongozi wake walikuwa vijana waliosoma shule za misioni. Wamisionari wa Friends waliofika Kaimosi mwaka 1902 waliwafundisha wenyeji kusoma Injili. Waliosoma Injili wakaisoma na sheria.

La pili ni tahadhari. Badiliko la mwaka 1932 halikusahauliwa. Mwaka 1938 ilitungwa sheria nyingine ya ardhi za wenyeji badala ya ile ya 1930, lakini kila mara Serikali ilipoleta jambo jipya la ardhi, hata lililo jema, kama vile kuzuia mmomonyoko au kupima mipaka ya mashamba, wazee waliuliza kwanza ni nini kilichofichwa nyuma yake. Maofisa waliwaita wagumu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

La tatu ni dhahabu yenyewe. Kampuni ziliacha mishipa myembamba isiyowalipa, na wenyeji sasa huifuata kwa mikono yao. Katika Rosterman, Ikolomani na Shinyalu wanaume hushuka kwa kamba katika mashimo membamba, na wanawake huketi juu wakiponda mawe kwa nyundo na kuyaosha. Kisha unga wa mawe huchanganywa na zebaki, inayoinasa dhahabu, na donge lile huchomwa motoni ili zebaki iruke kwa mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo ni sumu. Huharibu mishipa ya fahamu na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Tena zebaki iliyomwagwa huingia mitoni na katika samaki. Mashimo huporomoka wakati wa mvua, na watu hufia humo. Kampuni za kigeni nazo zimerudi katika karne hii kuchunguza mwamba wa chini zaidi, hasa upande wa Isulu na Bushiangala, na ikiwa mgodi mkubwa utafunguliwa tena, jamaa nyingi zitatakiwa kuhama.

Sheria ya siku hizi si ile ya Mfalme. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imesema kwamba madini yote ni ardhi ya umma, na kwamba mtu hanyang'anywi mali yake bila kulipwa fidia ya haki kwa haraka. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imegawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa nchi: sehemu 70 katika 100 kwa Serikali kuu, 20 kwa serikali ya kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Hii ni hatua kubwa kupita mwaka 1932, ambapo mwenyeji hakuwa na kiti katika Baraza lililoamua. Hata hivyo mwenye kusoma habari za kale ataona kwamba swali ni lile lile. Chini ni mali ya mwingine. Juu ni mali yangu. Na mimi niko kati, nangoja kuambiwa thamani ya kaburi la babu yangu.

Kazi Iliyo Mbele ya Walimu

Sisi walimu tumezoea kuona madarasa yakipungua watoto wakubwa pindi habari ya mshipa mpya inapoenea. Mvulana hupotea juma moja, akarudi na fedha kuliko mwalimu wake. Mwaka unaofuata harudi. Tukimkemea tu hatasikia, maana tumbo lake lamjibu kabla yetu. Ila twaweza kumpa kitu ambacho shimo halimpi, nacho ni habari kamili: dhahabu ilikuja lini, nani alifaidika, nani alilipwa nini, zebaki hufanya nini mwilini, na sheria ya leo yampa haki gani.

Tena twaweza kukusanya. Katika kila kijiji cha nchi hii kuna mashimo yenye majina, na kuna jamaa zinazojua mahali palipokuwa boma lao kabla ya vigingi. Waliowaona wachimbaji wa kwanza kwa macho yao wamekwisha kufa, na watoto wao ni wazee. Wenyeji hawakuandika, walioandika ni maofisa, kampuni na magazeti, na katika maandiko yao mwenye shamba huonekana kama hesabu ya nyumba na mazao. Mwalimu akiwapa wanafunzi wake wa darasa la juu kazi ya kuuliza nyumbani kwao majina ya mashimo, majina ya koo, na maneno ya lugha ya mama yaliyotumika katika kazi ya migodi, kisha akayaandika katika daftari la shule pamoja na tarehe na jina la kijiji, atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna mtaalamu wa mbali awezaye kuifanya baada ya miaka 20. Kama waswahili walivyonena, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na daftari hilo si la mapambo. Siku tume nyingine itakapokaa chini ya mti kuuliza ardhi hii ni ya nani tangu lini, jamaa yenye maandiko itasimama mahali pazuri kuliko ile yenye machozi tu. Wazee wa mwaka 1932 walikuwa na neno "milele" walilopewa na mwingine, nalo lilifutwa na yule yule aliyelitoa. Watoto wao na wawe na maneno yao wenyewe, waliyoyaandika kwa mikono yao.